Nilimjibu mteja "Yes" vyumba vikaondoka

Imeili yangu ya kwanza kwa mteja wa nje niliiandika Januari 2015, siku ya tatu kazini kwenye ofisi moja ya utalii hapa Arusha, na nilivyoimaliza nikaisoma mara tatu nikajiona nimeua. Ilianza hivi, "Dear Madam, Refer to the heading above." Ikaisha hivi, "Yours in nation building." Kama umewahi kuandika barua ya kuomba kazi halmashauri unajua nilikoyatoa, rejea kichwa cha habari hapo juu, wako katika ujenzi wa taifa, ndo barua zetu zilivyo na hakuna anayeshangaa. Sasa huyu mteja alikuwa mama wa Kiingereza, mstaafu, shida yake aone tembo na mumewe warudi kwao. Akajibu kwa adabu sana kwamba ametafuta hicho kichwa cha habari hajakiona, labda nimesahau kuambatanisha kitu? Na kuhusu kujenga taifa akauliza kama kuna mchango ambao watalii wanatakiwa kutoa, maana kama upo yeye na mumewe wako tayari.

Nikamwonyesha kaka wa meza ya pili. Akasoma mpaka mwisho, akasema huyo mama Kiingereza kinampiga chenga.

Mimi nimesoma kama wengi wetu tulivyosoma, shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, halafu unaingia form one kila kitu kimegeuka, baiolojia Kiingereza, historia Kiingereza, jiografia Kiingereza, unakariri ubao mzima na maana utaijua mbele ya safari. Form four nilipata B ya Kiingereza na hiyo B nilitembea nayo kama kitambulisho. Na kiukweli sarufi yangu haikuwa mbaya, wakati uliopo na uliopita nilikuwa sichanganyi. Kilichokuja kunitesa ofisini siyo sarufi kabisa, ni yale maneno ya kila siku yanayotembea kwa makundi, ambayo ukiyachukua kutoka kwenye Kiswahili neno kwa neno yanakaa sawa tu, mwalimu hawezi kukukata maksi, ila yakifika kwa mwenyewe yanasema jambo lingine. Na hapo ndo pabaya. Ukikosea sarufi mtu anaona umekosea, anakusamehe, anaendelea kusoma. Ukikosea haya maneno ya makundi haoni kosa, anaona maana, na anaichukua hiyo maana anaenda kuifanyia kazi.

Ngoja niwape ile iliyoniuma kuliko zote.

Ni mama yuleyule wa tembo. Tulishaelewana, tukapanga safari ya Agosti, usiku mitatu kaskazini ya Serengeti kule Kogatende, na walioko kwenye utalii wanajua Julai mpaka Oktoba kule ni vita, nyumbu ndo wanavuka mto Mara na kambi zinajaa miezi mingi kabla. Kambi inakushikia vyumba mpaka tarehe fulani, ukishindwa kuleta malipo ya awali inaviachia, haina undugu. Sisi tarehe yetu ilikuwa Jumanne moja ya mwezi wa tatu. Ijumaa ya kabla yake jioni, nimeshafunga pochi nataka kuwahi daladala, imeili ikaingia kwa yule mama. Sentensi moja. "So you haven't received our deposit yet?"

Nikamgeukia dada wa uhasibu, dada ile hela ya Waingereza imeingia? Bado. Nikarudi kwenye kompyuta nikaandika, "Yes. Have a nice weekend." Nikazima nikaondoka zangu.

Kichwani mwangu nilikuwa nimejibu vizuri kabisa. Kaniuliza hamjapokea? Nimemjibu ndiyo. Ndiyo hatujapokea, wewe endelea kufuatilia benki yako. Jumatatu nikakuta kajibu "Wonderful, thank you!" na nakumbuka niliwaza hawa watu wana upole sana, mtu hela yake haijafika na bado anasema safi. Kumbe huku nyuma benki ilikuwa imeirudisha ile hela, tarakimu moja ya akaunti ilikosewa, na yeye hakuangalia tena kwa sababu mimi nimeshamwambia imefika. Jumanne ikapita. Jumatano asubuhi kambi wakaandika kwamba vyumba viwili vya kwetu vimeachiwa na vimeshachukuliwa na watu wengine.

Bosi wetu ni mama wa makamo, wote tunamwita Mama, hana makelele. Akavuta kiti akakaa pembeni yangu akanionyesha kioo kwa kidole.

"Mwanangu, hapa uliandika nini?"

"Niliandika yes, Mama."

"Yes nini?"

"Yes hatujapokea."

"Haya, nionyeshe hiyo hatujapokea iko wapi."

Nikatazama hiyo "Yes" yangu. Iko peke yake pale, na nukta yake.

Baadaye nilikaa nikalifikiria hili jambo sana, maana mtu asipolielewa atalirudia. Ndiyo yetu inamjibu mtu. Ukiniuliza hujala? nikasema ndiyo, maana yake ni kwamba ulivyosema ndivyo ilivyo, umepatia, sijala. Yes ya Waingereza haina habari na ulivyouliza, yenyewe inaangalia jambo, limetokea au halijatokea. Limetokea ni yes, halijatokea ni no, hata swali lije limepinda namna gani. Kwa hiyo mtu akikuuliza "Haven't you eaten?" na kweli hujala, jibu ni "No", ambalo masikioni kwetu ni kama unambishia. Nimeongea Kiingereza tangu form one na hakuna siku nilifundishwa hilo, labda siku hiyo nilikuwa nimetumwa kufagia. Tangu mwaka huo sijawahi tena kujibu swali la kukanusha kwa neno moja, naandika sentensi yote, "No, we have not received it", hata kama naonekana mrefu wa maneno.

Na lina ndugu yake hili. Kuna Wajerumani wawili niliwauliza "Do you mind sharing the vehicle with another couple?" wakajibu "Not at all!" tena na alama ya mshangao. Nikasoma hapana hata kidogo, nikaona wamekasirika, nikawaandalia gari la peke yao na kuomba radhi juu. Kumbe niliwauliza je mtaona vibaya, wakasema hatuoni vibaya hata kidogo. Lile gari lilienda na watu wawili viti vingine vinapigwa na upepo, dizeli ya Arusha mpaka Ngorongoro na kurudi, na Mama akanitazama tu.

Turudi kwa yule mama wa Kiingereza. Nilimwandikia nikamweleza ukweli wote, na habari ya ndiyo na yes nikamweleza, sikutaka kujitetea ila niliona bora ajue sikumdanganya. Nilitegemea atadai hela au ahame ofisi. Akaandika imeili ndefu sana, kwamba amefundisha watoto wadogo kusoma miaka mingi na hajawahi kuwaza kwamba yes inaweza kugeuka hivyo, safari isogezwe Septemba kama kuna nafasi, na je, nina mengine kama hayo? Nikamwandikia mawili matatu. Kambi nyingine ikapatikana Septemba, bei ikawa juu kidogo, tofauti akaibeba Mama na hakuikata kwenye mshahara wangu ingawa aliitaja kama mara nne.

Neno lililonisumbua muda mrefu kuliko yote ni pole. Sisi pole tunampa kila mtu, aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyetoka kazini, anayepiga chafya, na shuleni tulijifunza pole ni sorry basi tukafunga hesabu. Nenda mlimani uone, mgeni anateleza kwenye jiwe kule njia ya Machame, mgumu, yaani mpagazi, aliyebeba begi lake anasema "sorry sorry", mgeni anajibu "it's not your fault", mgumu anashangaa, nani kasema ni kosa langu? Mdomoni linapita kwa sababu sura yako inaonekana. Kwenye maandishi halipiti. Nilikuwa naanza imeili na "Hello, sorry for work", yaani pole na kazi, kwa wakala mmoja wa Marekani, akanijibu anauliza kuna nini, mmeharibu kazi gani? Akadhani kuna bukingi imevurugika naanza kuomba msamaha kidogo kidogo.

Halafu kuna mteja alifiwa na baba yake wiki mbili kabla ya safari, nikamwandikia "Sorry for the problems." Pole na matatizo. Kwetu matatizo ni neno la heshima kabisa, mtu amepata matatizo na kila mtu anajua ni msiba, hatulitaji jina. Kwa Kiingereza problems ni printa imegoma. Nilimwandikia mfiwa maneno ambayo angeandikiwa na mtu wa intaneti. Wanachosema wenyewe ni "I am so sorry for your loss", na mimi hiyo loss nilikuwa naijua ni hasara ya biashara, duka limekula loss, sasa kumpa mtu aliyezika pole ya hasara niliona kama matusi. Lakini ndo wanavyosema, na hapo akili yako ya kutafsiri inabidi ukae nayo chini uiambie tulia.

Mlangoni kwetu kulikuwa na kibao kilichochorwa na fundi, upande wa kuingilia WELCOME, upande wa kutokea WELCOME AGAIN. Vibao hivyo viko Tanzania nzima, dukani, gesti, kituo cha mafuta, na mimi navipenda sitaki vifutwe. Ila mgeni akitoka anakisoma anageuka kuangalia kama kuna mtu anamwita arudi ndani, maana kwao welcome unampa anayefika, anayeondoka unamwambia "please come again". Karibu yetu ni pana, inafika mpaka kwenye sahani ya ugali. Welcome ni nyembamba.

Sasa hayo yote yanatoka kwenye Kiswahili. Kuna mengine yanatoka masikioni na hayo hata wenyewe yanawapata, utakuta mtu kazaliwa nayo hiyo lugha anaandika "could of" badala ya "could have", au "for all intensive purposes" badala ya "for all intents and purposes", kwa sababu yeye alisikia kwanza kusoma kukaja baadaye. Langu la masikioni lilichapishwa. Namaanisha lilichapishwa kwenye kiwanda, rangi, karatasi ya kung'aa, vipeperushi 500.

Mama alinipa kazi niandike maneno ya kipeperushi kipya, nikakumbuka tangazo la bima nililowahi kusikia, wanasema wanakupa peace of mind, utulivu wa moyo, nikalipenda, nikaona na sisi tuseme hivyo ila tuweke ukarimu wetu ndani yake. Nikaandika: "Travel with us and we will give you a piece of our mind."

Piece ya kipande. Na our, akili yetu siyo yako. Sasa hicho kipande cha akili kwa Kiingereza ni msemo kamili na maana yake unajua ni nini? Ni kumpa mtu vidonge vyake. Kumpasha. Tulikuwa tumechapisha karatasi 500 zenye picha ya simba amelala na twiga pembeni zinazosema safiri na sisi tukupe vidonge vyako.

Aliyegundua ni mzee mmoja Mwingereza alikuja kulipa salio lake, akakichukua kimoja mezani akakisoma, akaanza kucheka polepole, akakaa, akavua miwani akafuta macho. Mimi natabasamu naye tu, sijui tunachekea nini. Akaniuliza ni nani aliyeandika, nikajibu kwa fahari kabisa ni mimi. Akaomba vitano apelekee marafiki zake. Alipoondoka nikafungua kamusi. Usiku tatu tulibandika stika ndogo nyeupe juu ya hiyo sentensi, mimi, kaka wa meza ya pili na dada wa uhasibu, na stika zenyewe ukiinua kipeperushi kwenye mwanga unasoma maneno ya chini yake vilevile.

Hilo lilinitia woga nikaanza kukagua na mengine. Msimu ukichanganya nilikuwa napenda kuwaandikia wateja "Please bare with us", tuvumilieni kidogo. Kuvumilia ni bear, kama dubu. Bare ni uchi. Nikaingia kwenye imeili zilizotumwa nikatafuta hilo neno, nilikuwa nimewaalika wateja kuvua nguo na ofisi yetu mara 41, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kitu. Programu ya kukagua tahajia nayo ilikaa kimya, kwa sababu bare ni neno halali, liko kwenye kamusi, yenyewe inaangalia neno haiangalii unachotaka kusema.

Kuna kundi jingine ambalo hili silisemi vibaya sana, ni yale maneno ya ofisini, "kindly do the needful", yaani tafadhali fanya kinachohitajika, na "please revert", yaani tafadhali nijibu. Mimi niliyaokota kwenye imeili za watu wa mizigo na mabenki, wengi Wahindi, nikaona haya ndo maneno ya watu wakubwa. Na siyo makosa bana. "Do the needful" Waingereza wenyewe walikuwa wanayaandika zamani, wakayaacha, India wakabaki nayo na mpaka leo yako hai kule, ukimwandikia mtu wa Mumbai anakuelewa haraka kuliko ukizunguka. Tatizo ni ukimwandikia mtu ambaye kwake revert ina maana ya kurudia hali ya mwanzo tu. Kuna familia ya Marekani tuliwabadilishia ratiba tukaongeza siku moja Ziwa Eyasi waende kwa Wahadzabe, nikaandika "Please revert on the itinerary by Friday", nikimaanisha nijibuni. Mama wa familia hiyo akajibu sawa, kama mnaona ile ya kwanza ni bora basi turudi kwenye ile ya kwanza. Eyasi ikafutwa. Mtoto wao wa miaka kumi na mbili ndo aliyekuwa ameiomba, tuliirudisha kwa kupiga simu, na tangu hapo naandika reply kama mtoto wa form two na sina aibu.

Wamarekani na Waingereza wenyewe wanaumizana pia, hili lilinipa nguvu. Wakala wetu mmoja wa Chicago aliandika "Let's table the group rates for now." Mimi na bidii yangu nikasoma table, jedwali, nikalala saa nane usiku natengeneza jedwali la bei za makundi, safu za miezi, rangi ya kijani kwa msimu wa mvua, ya chungwa kwa Julai. Nikalituma. Akashukuru akasema ni zuri ila yeye alimaanisha tuliweke hilo jambo kiporo. Nikaenda kuchimba nikakuta Mwingereza ukimwambia table anaelewa kinyume kabisa, yaani tulilete mezani tulijadili sasa hivi. Churchill mwenyewe aliandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili wakubwa wa jeshi wa Uingereza na wa Marekani waliwahi kubishana muda mrefu kwa sababu ya neno hilo, Waingereza wanataka waraka uwe tabled kwa sababu ni wa haraka, Wamarekani wanakataa kwa sababu ni wa haraka. Wote walikuwa wanataka kitu kilekile. Nikasema kama majenerali walikwama hapo basi mimi na jedwali langu tusijilaumu.

Kuna madogo madogo sitakaa nayo, "discuss about", "emphasize on", "despite of", "comprise of", hivyo vihusishi vya katikati vinatoka kwenye kuhusu na juu ya zetu, vifute tu, sentensi inasimama bila wao. Ila moja nitaisema kwa sababu iko mwisho wa kila barua ya Mtanzania, "I look forward to hear from you." Nimeiandika miaka. Hiyo to inatudanganya, tunadhani ni ile ya want to, need to, kumbe siyo. Njia niliyoipata mimi ya kuijua ni kuweka nomino pale badala ya kitenzi uone kama inakubali. "I look forward to your reply", inakubali, basi kitenzi kikija hapo kinavaa -ing, "to hearing from you". Sasa jaribu "I want to your reply". Inakataa, kwa hiyo want to hear. Inafanya kazi na used to ile ya kuzoea, "I am used to early mornings", kwa hiyo "used to waking up early". Sijui kama walimu wataipenda ila mimi imenivusha.

Watu wa ofisini wananiuliza nilijirekebishaje, wanadhani nilisoma kozi. Nilianza kuiba. Kila mteja anayezaliwa na hiyo lugha akiandika sentensi inayofanya kazi ninayoifanya mimi kila siku, kuomba radhi, kukumbusha malipo, kukataa bila kuudhi, naikopi yote kama ilivyo naiweka kwenye faili nimeliita "za kuiba". Siyo neno, sentensi nzima na jirani zake. Yule mama wa tembo peke yake nimemwibia kama thelathini. Kwa mfano kukataa, mimi nilikuwa naandika "It is impossible", haiwezekani, mlango umefungwa, wao wanaandika "I'm afraid that won't be possible", na hapo nilidhani mtu anaogopa kweli, anaogopa nini, kumbe hiyo afraid ni samahani iliyovaa koti.

Na kamusi, ila siyo kamusi yoyote. Pale ofisini kuna Oxford ya wanafunzi, ile nene, iliyoanzishwa na A.S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa anafundisha Kiingereza Japani, toleo lake la kwanza kabisa lilitoka Tokyo mwaka 1942. Huyu bwana hakuwaandikia Waingereza, aliwaandikia watu kama sisi, ndo maana ukifungua neno haikupi maana tu, inakuonyesha linatembea na nani, baada yake inakuja to au -ing au hakiji kitu. Mi nilikuwa nafungua kamusi kutafuta maana, nikigundua neno nalijua nafunga. Miaka yote hiyo nilikuwa nasoma nusu ya kitabu.

Siku hizi vijana wa field wanaokuja kwetu wanaandikia akili mnemba, dakika mbili imeili imeshanyooka, na siwakatazi. Ila kuna mmoja juzi mteja aliuliza "You don't have any vegetarian meals at the lodge?" na lodge chakula hicho hawana, kijana akaiambia mashine jibu ndiyo kwa heshima. Ikajibu kwa heshima. Aya nzuri tatu, yes ikiwa juu kabisa, na ahadi ya mboga za bustani. Nilikuwa napita nyuma yake na kikombe cha chai nikaiwahi haijatumwa, chai ikamwagika kwenye kibodi, lakini nikaiwahi.

Sijamalizia habari ya yule mama. Septemba 2015 wakaja, na Mama akaamua mimi ndo niende KIA kuwapokea, sijui ilikuwa zawadi au adhabu. Ndege ya usiku kutoka Amsterdam. Nikasimama pale na kibao chenye majina yao, na njia nzima ndani ya gari nilikuwa nakariri sentensi ya kwenye faili la kuiba, "How was your flight?" "How was your flight?" Nikaisema labda mara ishirini, dereva akaniuliza dada uko sawa?

Wakatoka. Mama mdogo tu, kofia ya jua usiku, begi mgongoni. Akasoma kibao akanyoosha mikono akaja, na mimi nikafungua mdomo ikatoka "Sorry for the journey!"

Nikaganda. Yule mama akaweka begi lake chini taratibu, akajiweka sawa kama mtoto anayetaka kukariri shairi mbele ya darasa, akasema, "Asante. Nimeshapoa."

Ilikuwa mojawapo ya yale mawili matatu niliyomwandikia mwezi wa tatu, na mimi nilishasahau. Mumewe akafika nyuma anasukuma toroli la mizigo, jasho linamtoka, akaona na yeye asipitwe, akaniambia kwa sauti kubwa, "Nimeshapaa!" Na kwa mtu aliyetoka kushuka kwenye ndege sikuona sababu ya kumsahihisha.